Kelele Niliyoifuta

4 Machi

Shangazi Zumari, shikamoo. Na Mjomba Gwaride mpelekee shikamoo yake mkononi, mkono ule mzima.

Kabla hujafungua sanduku lililokuja na barua hii, weka kisu cha jikoni chini. Nakujua. Ndani mna maiki, waya wake, hedifoni, kijisanduku cha kuunganishia na kurekodia chenye taa moja ya kijani, na memori kadi. Nimevituma kwa posta na kadi utanirudishia kwa posta, maana mtandao wa huko kwenu ukiupa wimbo uulete, wimbo unafika ukiwa na mvi.

Habari kubwa ni kwamba studio ya zamani nimeifunga. Usishike kichwa. Ile miksa uliyokuwa ukiiita kitanda cha watu watatu imeondoka, mashine ya kanda imeondoka, na rafu nzima ya vile vyuma vyenye vishale vinavyocheza imeondoka. Vyote sasa viko ndani ya laptopu. Nina programu moja kubwa ya kurekodi, na ndani yake nachomeka programu ndogo ndogo, tunaziita plagini, kila moja na kazi yake. Nikitaka sauti iwe na joto la kanda ya zamani, ipo plagini ya kanda. Nikitaka mwangwi wa ukumbi, nachagua ukumbi kama mtu anayechagua viatu dukani, na nisipoupenda naurudisha. Paa likivuja nabeba studio kwapani, nahamia chumba cha pili.

Kwa hiyo zile nyimbo zako ulizosema hazitarekodiwa kamwe kwa sababu huwezi kumwacha Mjomba peke yake, zitarekodiwa. Utaimbia humo humo chumbani kwenu. Fungua kabati la nguo, sogeza makoti, ning'iniza maiki katikati, imba. Nguo zinameza sauti inayorudi kutoka ukutani, hata masponji tuliyobandika studio hayakufanya kazi nzuri hivyo.

Kuhusu ngoma usiwe na wasiwasi. Najua tangu kiharusi kimshike Mjomba hajagusa ngoma, na wewe hujawahi kuimba bila yeye kukushikia mwendo. Nimepata plagini ya ngoma. Mpigaji hodari alirekodiwa pigo moja moja, mimi nayapanga ninavyotaka, naye hachoki, hanuni, hachelewi. Kwenye hedifoni utasikia mlio wa kuhesabia, tik tik, uimbe juu yake. Mjomba yeye apumzike tu.

Mwanao,
Kidole


15 Machi

Kidole, marahaba.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, mwanangu. Umejisifu karatasi nzima na hukuuliza hata kama kabati langu lina nafasi. Halina. Nimesimama kati ya makoti ya Gwaride na magauni yangu ya jukwaani, lile jekundu linanikwaruza mgongo, dawa ya nondo inaniingia puani. Mara ya kwanza nilipiga chafya kabla ya neno la kwanza. Mara ya pili nilivuta pumzi nikameza uzi wa sweta. Mimi, niliyeimba mbele ya watu waliosimama juu ya viti! Nikashukuru Mungu hakuna aliyeniona ila mume wangu, naye ameshaniona katika hali mbaya zaidi.

Mlango wa kabati nimeuacha wazi, joto lingeniua. Na kile kimlio chako cha kuhesabia nimekizima. Sijawahi kuhesabiwa na mtu, sitaanza leo kuhesabiwa na kidude. Mwendo nimeupata mwenyewe, usiulize wapi.

Gwaride hajambo kwa kadiri yake. Mkono wa kulia bado umelala na maneno yanakuja moja moja, mengine yanagoma njiani. Kuna binti wa mazoezi ya viungo anakuja na mpira wa kubana, wa mkono ule wa kushoto ili usije nao ukalegea. Gwaride anautazama ule mpira kama tunda bovu. Hakuna anachotaka kufanya kwa mkono wowote. Kijiko chenyewe nakishika mimi.

Kwenye kadi kuna wimbo mmoja tu. Nyingine zinasubiri jibu lako, na sharti langu ni hili: usikilize wote, mwanzo hadi mwisho, kwa masikio, si kwa kutazama michoro kwenye kioo. Kisha niandikie kila ulichosikia. Nimesema kila kitu, na usinifunikie chochote. Jibu hilo silisubiri kwa ajili yangu peke yangu.

Shangaziyo,
Zumari


22 Machi

Shangazi, shikamoo.

Ulitaka kila kitu, basi vuta kiti.

Sauti yako ipo! Nilikuwa na hofu, nakiri, maana umekaa kimya muda mrefu. Lakini ulipofika kwenye kiitikio niliinuka mwenyewe hapa chumbani nikaanza kukujibu, mpaka jirani akagonga ukuta. Chafya nimeisikia. Kifungo cha koti kikigonga maiki nimekisikia pia. Na kuna mahali unasema "ala!" polepole, sijui ulikanyaga nini.

Baya lilikuwa moja tu. Nyuma ya sauti yako kuna kitu kinagonga, tok, tok, wimbo mzima. Nadhani ni ule mlango wa kabati unacheza, au jirani yako alikuwa anapigilia misumari. Nikaona nisikusumbue kurudia kuimba. Ninayo plagini ya kusafisha: unaionjesha sehemu yenye kelele tupu, inaijua, kisha inaifuata wimbo mzima na kuitoa popote ilipojificha. Bahati nzuri pale mwanzo, kabla hujafungua mdomo, kelele ilikuwa peke yake, nikaikamata hapo. Imeondoka yote. Mtu hawezi kujua kwamba iliwahi kuwepo.

Kisha nikanyoosha mwendo. Hapa ulikuwa unakimbia, pale unajivuta, nikakukalisha sawasawa kwenye mistari. Halafu nikaweka zile ngoma nilizokwambia. Mpe Mjomba hedifoni asikilize. Nimempangia yule mpigaji wangu wa plagini staili yake yeye kabisa, ile ya zamani ya bendi, ili afurahi. Mwambie amepata mtu wa kumpokea mzigo.

Nangoja nyimbo nyingine. Nina haraka, sifichi.

Kidole


30 Machi

Kidole,

Kadi imefika na tumesikiliza wote wawili. Sauti yangu imetoka safi, ahsante.

Nyimbo nyingine sitaimba. Vifaa vyako nimevirudisha kwenye sanduku lake, nitavipeleka posta mvua ikikatika. Usikasirike. Hukukosea chochote ulichoambiwa.

Shangaziyo


7 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Umeniambia nisikasirike, kwa hiyo nimekasirika mara mbili: mara moja kwa kukataa kwako, na mara ya pili kwa kukatazwa.

Nimekukosea nini? Kama ni kompyuta, sema ni kompyuta. Nimeshazoea. Kila siku ananijia mtu kuniambia muziki wa laptopu hauna roho. Hiyo roho ilikuwa wapi siku mashine ya kanda ilipoutafuna wimbo wako mzuri kuliko yote, ukakaa kwenye ngazi unalia na kanda imekujaa mapajani? Ilikuwa wapi nyaya za miksa zilipokuwa zikipiga shoti na wewe unasimama juu ya kipande cha ubao usitetemeshwe? Mimi sijaua muziki wa mtu. Nimeutoa kwenye vyuma nikauweka mahali ambapo mwanamke anayeuguza mumewe anaweza kuufikia. Hilo ninajivunia na sitaomba msamaha. Unanirudishia sanduku bila hata sababu, kama mgeni wa mlangoni! Ningekuwa nimekosea ungenipigia kelele, nakujua. Kunyamaza si tabia yako, na

Nimerudi. Kalamu niliiacha pale juu, nikaenda kuufungua wimbo wako upya ili nitafute kilichokuudhi.

Ile plagini ya kusafisha ina kitufe kimoja ambacho fundi anayejali hukibonyeza kabla ya kumaliza kazi. Ukikibonyeza unasikia kile tu ilichokitoa, ili uhakikishe haijaondoka na nyama pamoja na mfupa. Safari ile sikukibonyeza. Nilikuwa najiamini mno.

Leo nimekibonyeza. Sauti yako ikatoweka, ikabaki ile tok tok peke yake. Shangazi, huyo jirani anayepigilia misumari anajuaje kiitikio kinaanzia wapi? Ananyamaza kabla ya kiitikio, anaingia na mapigo mawili mepesi na moja zito. Mimi nimelelewa nyuma ya jukwaa lenu, nimelala juu ya makoti na masanduku ya spika, na mapigo hayo ndiyo yaliyokuwa yakiniamsha. Nayajua kuliko hatua za baba yangu mlangoni.

Nani alikuwa chumbani nawe? Nijibu mara moja. Sina raha hata kidogo.

Kidole


14 Aprili

Kidole mwanangu,

Unajua nani.

Nilikuwa kabatini, nimezima kimlio chako, nikaanza kujihesabia kimoyomoyo. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, karibu na ule mlango wa kabati uliokuwa wazi. Mara nikasikia tok. Nikadhani amedondosha kitu. Tok tena. Nilipochungulia, alikuwa anagonga mlango kwa vifundo vya mkono wa kushoto, macho ameyafumba. Mtu ambaye tangu augue hajataka kushika hata kikombe! Ile "ala!" uliyoisikia ni mimi nilipomwona. Nikaendelea kuimba, maana niliogopa nikinyamaza na yeye atanyamaza.

Sikukwambia kwa makusudi. Ningekwambia, ungesikiliza kwa huruma, ungeandika "Mjomba hajambo, Mjomba bado yumo", na yeye huruma anainusa kutoka chumba cha pili. Huyu ndiye aliyekuwa akifukuza wapigaji wazima kwenye bendi kwa sababu walimsifia. Nilitaka sikio lisilojua kitu. Nilitaka uniulize, "Shangazi, nani huyo anayekugongea?" Hilo swali ningemsomea kwa sauti, na lingemtosha.

Badala yake ikaja kadi yako. Nilimvalisha hedifoni mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa jicho, kisha akasema neno moja, nalo lilimchukua muda kulitoa: "Kanifuta." Akauingiza mkono ndani ya blanketi. Tangu siku hiyo hajautoa ila nikiutoa mimi kumwosha. Binti wa mazoezi anasema mkono wa kushoto nao ukilala, ndiyo basi.

Zile ngoma zako ni nzuri, sikatai. Mpigaji wako hachelewi kweli. Lakini jino la pembe si dawa ya pengo, na kwangu mimi pengo limekaa kwenye kiti linanitazama.

Sikulaumu wewe. Nilitega mtego nikaunasa mguu wangu mwenyewe. Sasa niambie wewe mwenye akili na plagini zako, tunafanyaje? Barua ya kumpoza usiiandike. Nitaichana kabla hajaiona.

Zumari


22 Aprili

Kwa Mjomba Gwaride, mpiga ngoma. Shangazi asifungue.

Shikamoo Mjomba. Nitakwenda moja kwa moja maana kazi imelala.

Wimbo wa kwanza nilikuwa nimeweka ngoma za plagini kwa kuwa sikujua kama kuna mpigaji. Sikuambiwa. Siku nyingine ukiingia kwenye kurekodi, fundi apewe taarifa, hata kama fundi ni mtoto wa shemeji yako. Yule mpigaji wa plagini nimemfuta. Hakulalamika.

Mapigo yako nimeyarudisha. Nilikuwa nimehifadhi wimbo kama ulivyoletwa, kwenye kompyuta ukifuta kitu kwa uangalifu unaweza kukifufua. Nimeyapitisha kwenye plagini ya kanda yapate uzito, nikachuja kidogo mlio wa mbao. Kwenye kadi utajisikia wewe na Shangazi tu, hakuna mwingine. Sauti ya Shangazi nayo nimeirudisha kama alivyoiimba.

Sasa matatizo. Nimeyaweka mapigo yako kwenye skrini, kila moja na mstari wake. Ubeti wa kwanza uko sawa. Kiitikio kiko sawa. Ubeti wa tatu Shangazi aliruka neno, wewe ukamzibia, mwambie aache kiburi ajifunze maneno yake. Lakini ubeti wa pili, mstari wa mwisho, pigo zito limechelewa. Sisemi limechelewa kwa unywele. Limechelewa mpaka mtu angevuka barabara akarudi. Ninayo plagini ambayo ingelisukuma mahali pake kwa kubonyeza mara moja, lakini mimi sikuajiriwa kumpigia ngoma mpiga ngoma. Rudia.

Na huo mlango wa kabati mnaupigia makoti yakiwa ndani? Unasikika kama godoro. Yatoeni.

Nyimbo nyingine tatu zinatakiwa pia. Ukiona huwezi, niandikie nitafute mtu, na nitamtafuta kweli, sibembelezi. Ukiona unaweza, usiniandikie. Piga.

Kidole


6 Mei

Kidole, wewe ni mtoto mbaya sana. Nakupenda mpaka nashindwa kukaa.

Barua yako aliipokea mwenyewe, akaishikilia kwenye goti, akaisoma mstari kwa mstari. Mimi najifanya nafuta vumbi dirishani. Nikaona uso unabadilika rangi, shingo imesimama, nikasema basi, huyu mtoto ameniulia mume. Mara nikasikia nyuma yangu: "Nimechelewa? Mimi?"

Maneno mawili, Kidole, yamefuatana, na alama ya kuuliza juu yake! Kisha akaupiga mlango wa kabati ngumi moja ya kushoto mpaka gauni langu jekundu likaanguka. "Toa makoti," akasema. Nikatoa. "Yote." Nikatoa yote, na viatu, na sanduku la mashuka. Nimeimba ndani ya kabati tupu nikiwa nimejifunika blanketi kichwani kama mwizi wa kuku, maana nilimwambia sauti yangu nayo inataka kitu cha kuimeza. Mkono wake haujarudi tena kwenye blanketi. Kwanza blanketi lenyewe nimelichukua mimi.

Binti wa mazoezi alipokuja na mpira wake alikuta mlango wa chumba umefungwa. Gwaride akamwambia asubiri nje, kuna watu kazini. Yule binti akakaa sebuleni akisikiliza, na alipoingia hakuutoa mpira kwenye mkoba. Akasema mazoezi ameshayasikia.

Nyimbo zote nne ziko kwenye kadi. Ngoma mbovu ziko, nzuri ziko, utachagua. Mara nyingine mkono unachoka katikati, anatukana, tunapumzika, tunaanza upya. Jana alikula kwa kijiko chake mwenyewe huku akinieleza nilipokosea kwenye wimbo wa tatu, chakula kikamwagika nusu na sikuthubutu kumsaidia. Nimechoka, nimekonda, sijawahi kuwa na furaha hivi tangu tuache jukwaa.

Liko jambo moja. Ule ubeti wa pili tumeurudia mpaka koo limenikauka, na lile pigo kila mara analiweka pale pale, limechelewa vile vile. Nimemwambia, "Mzee, Kidole amesema hapo unachelewa." Akatazama dari. Nimemwambia, "Basi Kidole atalinyoosha kwa plagini yake." Akacheka! Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka, ikabidi nikae chini juu ya viatu. Lakini kubadilisha hakubadilishi. Mkaidi huyu hakuanza leo. Linyooshe wewe tu, mimi nimeshindwa naye.

Kadi ameifungasha mwenyewe kwenye kikasha chake, kwa mkono mmoja na meno. Hakutaka niiguse. Sanduku la vifaa sirudishi tena, usiniulize.

Shangaziyo,
Zumari


6 Mei

Kidole,

Naandika kwa kushoto. Soma polepole.

Lile pigo sikuchelewa. Siku hizi pumzi ya Zumari haifiki mwisho wa ubeti ule. Yeye hajui. Nikigonga mahali pake, anakatika. Nikimsubiri, anafika.

Usinyooshe. Na usimwambie.

Gwaride